Shali Aliyoifumua Njura

Siku hizi binti zangu wananiambia krosheti hutuliza roho. Watulie wao. Kwetu sindano ile iliingia kwa amri, na nyanya yangu Njura aliishika huku amekunja uso.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Watu wa Kibugu walikuwa wametolewa mashambani mwao na kusongamanishwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa ua wa miti iliyochongwa. Wanaume wengi walikuwa vizuizini, baba yangu akiwa mmoja wao. Waliobaki ni wanawake, na wanawake ndio waliochimbishwa handaki kandokando ya msitu wa Mlima Kenya, ili wapiganaji walio msituni wasipate wa kuwapelekea chakula. Asubuhi kipenga kinalia, jembe begani, homgadi, mlinzi wa serikali, nyuma. Mama yangu Beth, binti wa Njura, alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza, na alichimba kama wengine. Alisimama chini shimoni akiinua karai la udongo mpaka kwa aliye juu. Mwenzake mmoja alikuwa ameharibikiwa na mimba mumo humo handakini, na kesho yake wakamwita kazini. Nikipandisha sauti ninaposimulia haya, mnivumilie.

Ndipo ikaja klabu ya wanawake. Mama mmoja wa Kizungu, ambaye watu walimwita Memsabu wa Klabu, alikuwa akitoka Embu na gari lake na furushi la uzi wa sufu, kutufundisha ustaarabu. Anayeingia klabu hachimbi; anafuma shali ya sufu. Kila nyumba ilipewa nafasi moja, na Nthiga, hedimani wa kijiji, akampa Njura nafasi ya nyumba yetu.

"Mpe Beth," Njura akamwambia. "Mimi bado niko na nguvu ya jembe."

"Bibi ya mtu wa kizuizini hawezi ingia klabu," Nthiga akajibu. "Lakini sikiza, mama. Wewe maliza hiyo shali, Memsabu aikubali, mimi natoa Beth kwa mtaro. Nimesema."

Ahadi ni deni, au ndivyo tunavyodanganyana. Njura akashika sindano.

Shali yenyewe ilikuwa ya wanaoanza, ya pembe tatu. Unaanza na vitanzi vichache, unaviunga viwe kijiduara, kisha unafuma ndani yake mstari mfupi. Ukifika mwisho unageuza kazi na kurudi ulikotoka. Kila mstari unaongeza kidogo katikati na kidogo kwenye kila ncha, na pembe tatu inakua yenyewe. Ni kazi rahisi kwa mtu ambaye mikono yake haijui kitu kingine. Mikono ya Njura ilijua kiondo, kikapu cha kusuka. Kiondo huanzia kitakoni na kuzunguka, kinazunguka mpaka mdomoni, na hakuna msusi anayefika mahali akageuka. Basi alipofika mwisho wa mstari, mkono ukaunga na kuendelea mbele, tena kwa kukaza, maana kiondo kilicholegea ni aibu kwa mwenyewe. Siku ya ukaguzi alileta kitu kigumu cha sufu kilichosimama chenyewe juu ya meza.

Memsabu alicheka hadi akashika mbavu. Akatia mkono ndani. "Hii shali ya nini? Ya viazi?" Wanawake wakacheka pia, kwa sababu Nthiga alikuwa mlangoni akitazama nani hacheki. Nawachukia mpaka leo kwa kicheko kile, ingawa najua sababu yake.

Njura alifumua yote, akaanza upya. Safari hii alifunga kipande cha katani kwenye kila ukingo ili kimkumbushe kurudi. Alifuma mlangoni, alifuma akichochea moto, alifuma akitazama miguu ya Beth iliyokuwa ikivimba kila anaporudi kutoka handakini. Hakuisema ile shali kwa jina. Aliiita "hiki kitu chao".

Ikaisha. Ilikuwa pana, laini, na pembe zake zimekaa sawa. Memsabu akaizungusha mabegani mwake, akafurahi kweli. "Mzuri sana! Hii mimi nataka peleka maonyesho Embu. Bibi ya DC nataka ona."

Njura akamgeukia Nthiga. "Haya. Mtoe Beth."

Nthiga akatabasamu. "Mama, wewe umekaa kwa kivuli wakati wenzako wanachimba. Si ushukuru? Kipenga kitalia sasa hivi, na Beth ataenda."

Wahenga walisema hasira hasara. Wahenga hawakuwa na binti mjamzito shimoni. Njura aliivuta shali kutoka mabegani mwa Memsabu, akatafuta mwisho wa uzi, akakata fundo kwa meno na kuvuta. Mstari wa mwisho, ule mrefu kuliko yote, ukafumuka mara moja. Akavuta wa pili.

"Wacha!" Memsabu akalia. "Wewe hapana jua maonyesho iko kesho?"

"Najua. Beth akae, na mimi nitaacha."

Nthiga akainua kiboko. Memsabu akamshika mkono, na asiniambie mtu kwamba ilikuwa huruma. Alikuwa akiihurumia sufu. Njura hakuwatazama. Alivuta mstari baada ya mstari, uzi ukarundikana miguuni pake, na shali ikapungua ikawa kitambaa cha kichwa, ikawa leso, ikabaki kama kiganja.

"Basi!" Memsabu akapiga kelele. "Beth nakaa klabu! Mimi nasema!"

"Memsabu, hesabu ya mtaro haiwezi pungua," Nthiga akasema.

"Nani amekuambia itapungua?" Njura akamuuliza.

Akatoka nje, mahali wanawake walipokuwa wakijipanga, akamnyang'anya Beth jembe. Mkononi mwake akamtilia ile sindano na kile kipande kilichobaki, akamsukuma kuelekea mlangoni. Beth akaanza kulia. Njura akamwambia kwa Kiembu aingie ndani aketi, na asithubutu kusimama.

Memsabu alimfuata hadi nje. "Na shali? Nani namaliza shali?"

Njura alikuwa tayari kwenye mstari, jembe begani. "Nimemwachia mwanzo," akasema. "Mfundishe."

Kaka yangu Muturi alizaliwa nyumbani, kitandani, akiwa mzima. Nyanya hakuwepo. Alikuwa handakini.