Yai la Maji Kifuani mwa Elia

Wiki iliyopita nilisimama kwenye bucha moja hapa Singida Mjini, na kabla sijamwagiza muuzaji chochote, harufu ikanifikia: harufu ya pupu bichi, mapafu ya mbuzi aliyechinjwa muda si mrefu, yenye joto na damu kidogo. Nilisahau kabisa nyama niliyokuja kununua. Nilikuwa tena na miaka tisa, nyumbani Mtinko, asubuhi ya mnada, nikingoja baba aniite.

Kila siku ya mnada baba alichinja mbuzi nyuma ya nyumba, na mama akachoma nyama ya kuuza. Kaka yangu Elia, aliyenizidi miaka mitano, ndiye aliyechunga mbuzi. Mimi nami nilikuwa na kazi yangu, na usinicheke msomaji, sijapata tena cheo nilichokipenda kama kile. Mbuzi akipasuliwa, mara nyingine mapafu yake yalikutwa na vifuko vyeupe vilivyojaa maji, vingine kama karanga, vingine vikubwa kama yai la kuku. Watoto tuliviita mayai ya maji. Mapafu ya namna hiyo hayakuuzwa, na kwetu chakula hakitupwi, kwa hiyo baba alinikabidhi nimpe mbwa wetu, Askari. Kwanza nilibonyeza yai mpaka likapasuka, pwaa! maji yakanirukia usoni. Kisha nikamwita Askari kwa sauti yangu yote. Alikula mpaka majani yaliyodondokewa na damu. Akishiba alikwenda kumlamba Elia, rafiki yake mkuu, na Elia alikula viazi kwa mkono uleule aliokuwa akimpapasia.

Halafu Elia akaanza kukohoa. Akakonda, ubavu ukawa unamuuma, na siku moja akatema damu. Majirani wakanong'ona kwamba ni kifua kikuu, na mama akamtengea kikombe chake cha bati, kikakaa peke yake dirishani. Makohozi yakapimwa zahanati, hawakuona kitu. Nilimkuta mama akilia mbele ya mafiga, akasingizia moshi. Hapo nikajua kwamba Elia anaweza kufa.

Ikaamuliwa apelekwe mjini kupigwa picha ya kifua. Baba alibaki na kazi ya mnada, mimi nikachukuliwa nibebe chupa ya uji. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi mno! Mgonjwa ni kaka yangu, na mimi nahesabu bodaboda.

Daktari, mama mmoja wa makamo, alibandika picha kwenye kisanduku chenye taa. Ndani ya kifua cha Elia, upande wa kulia, kulikuwa na duara jeupe, safi, halina kona. Daktari aliinama kulitazama. Mimi niliruka juu.

"Yai la maji! Mama, Elia ana yai la maji!"

Mama akanifinya. Lakini daktari aligeuka. "Umesemaje, mwanangu?"

Nikamweleza mbio mbio habari za mbuzi wa baba, vifuko vyao, na Askari anavyovila. Daktari akavuta kiti. Alisema mbwa akila mapafu yale hupata minyoo midogo sana tumboni. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi na kunata kwenye manyoya yake. Mtu akimshika mbwa halafu akala bila kunawa, yai huingia, likasafiri na damu hadi kwenye ini au mapafu, likakua humo polepole kwa miaka. Mtu hamwambukizi mwenzake. Litatolewa kwa upasuaji, ila lisipasuke kabla, maana maji yake yakimwagika ndani yanaweza kumuua.

"Sasa nani huwa anampa mbwa hayo mapafu?" akauliza.

Nilivuta pumzi nijibu, maana swali lilikuwa langu. Mama akaniwahi.

"Ni mimi, daktari. Huwa nampa mimi."

Mama! Ambaye hakuwahi hata kumrushia Askari mfupa! Daktari alimsema sana, naye akaitikia, "Nimekosa, daktari," akiangalia sakafu. Nilinuna. Ugonjwa nimeugundua mimi, halafu mtu ananinyang'anya kazi yangu mchana kweupe!

Kununa hakukudumu, kwa sababu nilijua vizuri mayai yale yanavyopasuka. Mpaka siku ya upasuaji nilimlinda Elia, nikakataza mtu yeyote asimchekeshe. Alicheka kwa sababu ya katazo lenyewe, na mimi nikaangua kilio.

Yai lilitoka. Elia alirudi na mshono mrefu ubavuni na njaa ya kutisha. Mama alikiosha kile kikombe cha bati akakichanganya na vyetu. Baba akachimba shimo la kufukia mapafu mabovu, Askari akapewa dawa ya minyoo, na cheo changu kikaishia hapo.

Nilielewa nikiwa sekondari, kwenye kipindi cha baiolojia. Mwalimu alichora mbuzi, mbwa na mtu, akawaunganisha kwa mishale. Ule mshale kutoka kwa mbuzi kwenda kwa mbwa, nikaona, ulikuwa mkono wangu. Niliomba ruhusa, nikaenda kulia nyuma ya darasa. Ndipo nilipojua mama alichukua nini siku ile.

Tangu hapo niliishi nikiamini kwamba mimi na mama tunamficha Elia. Kila tukikutana Elia humtania, "Mama huyu alitaka kuniua na mbwa wake!" na mama hucheka mpaka machozi yanamtoka. Moyo ulikuwa unaniuma. Krismasi iliyopita nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia Elia mbele ya wanawe kwamba mama hana kosa, aliyemlisha Askari ni mimi.

Elia alimaliza kutafuna kwanza.

"Najua," akasema. "Ulikuwa unamwita huyo mbwa mpaka mnadani wanasikia. Mama alitukataza, mimi na baba, tusikwambie."

Kumbe miaka yote hiyo, katika nyumba ile aliyefichwa alikuwa mmoja tu, na ni mimi.