Fanya Kama Yako

Nyoosha alibatizwa jina hilo na mafundi wenzake kwa sababu hakuweza kuona kitu kimepinda akakiacha kilivyo. Rimu ya baiskeli, bawaba ya mlango, hata picha ya ukutani katika nyumba ya watu alikokwenda kutoa pole, atainuka tu, aiguse kidogo, arudi kukaa. Alikuwa mchomeleaji wa mageti na nondo za madirisha, miaka arobaini na mitatu, mke mmoja, mabinti wawili, na karakana ya mabati yenye meza ya chuma aliyoiunda mwenyewe. Ukiweka gololi juu ya meza ile, haiendi popote.

Lakini mtu hachomelei mageti miaka kumi na tisa bila roho kuchoka. Geti ni geti. Mteja anataka mishale juu na duara katikati. Jirani yake akiliona, naye anataka vilevile, ila duara liwe kubwa zaidi. Ndani ya mlango wa kabati la vifaa, mahali ambapo wateja hawafiki, Nyoosha alibandika picha aliyoikata kwenye gazeti: pikipiki ya chopa, pua ndefu, kiti kimoja kilichokaa chini karibu na tairi, na nyuma hakuna springi hata ya dawa. Mabomba ya fremu yanashuka moja kwa moja kutoka chini ya kiti hadi kwenye ekseli. Yeye aliuita mkia mkavu. Siku alipomwambia jirani yake wa karakana, fundi makochi waliyezoea kumwita Sponji, kwamba lazima aunde chopa kabla hajazeeka, Sponji alitazama juu kwanza, kama anayetafuta helikopta.

"Itatua wapi sasa? Uwanja wenyewe huu mdogo."

Nyoosha hakucheka. Kwa hilo alikuwa hana mzaha kabisa.

Ndipo baba mkwe wake alipoleta pikipiki, akiikokota kwa miguu. Mzee alikuwa tarishi wa posta hadi alipostaafu, na pikipiki ile, kuukuu lakini safi, ndiyo iliyokuwa miguu ya nyumba yake. Kila Jumanne alimpakia mkewe nyuma, akampeleka kliniki kwa mazoezi ya nyonga. Sasa alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, na daktari amemkataza kuendesha kwa miezi miwili. Akaona heri muda huo pikipiki ikae kwa mkwewe, mnyororo ukazwe, na shokapu za nyuma zinazovuja oili zibadilishwe.

"Sina haraka nayo, mwanangu," alisema akimpa ufunguo. "Fanya kama yako."

Hakuna fundi asiyeijua kauli hiyo. Anaambiwa anayeshona suruali, anaambiwa anayetengeneza saa. Maana yake usinifanyie ovyo, usinibandikie kipuri cha kuokota, fanya kwa moyo ule ambao ungeifanyia mali yako. Mtoto wa darasa la pili anaielewa. Nyoosha naye aliielewa, tena palepale. Mzee alipoishia kwenye kona, yeye alibaki ameshika ufunguo, akalirudia neno moja tu katika yale matatu: yako. Akalipenda.

Siku tatu hakuigusa. Siku ya nne aliipandisha mezani, "niikague tu," akamwambia Sponji. Akaanza kuifungua. Nyuma, upande wa kushoto, akakuta kikanyagio ambacho kiwanda hakikukiweka. Mzee mwenyewe alikuwa amekiongeza, chini kidogo kuliko kile cha kawaida, amekizungushia raba ya tairi ili mguu usiteleze. Na kando ya kiti palikuwa na kishikio kilichofungwa kitambaa cha kanga, kimefungwa vizuri, kwa uzi. Nyoosha alijua ni vya nani. Mwenye nyonga mbovu hawezi kuinua mguu juu. Alivitazama kwa muda, kisha akachukua spana akavifungua, akavitupa kwenye rundo la chuma chakavu lililokuwa linangoja gari. Gari likaja siku mbili baadaye likazoa kila kitu.

Tangu hapo alikuwa mtu mwingine. Mageti ya watu yalilala. Alikata fremu kwa grenda nyuma ya kiti, akang'oa mkono wa nyuma unaoshika tairi, pamoja na shokapu zake. Mabomba mapya aliyajaza mchanga mkavu, akaziba ncha kwa mbao, akayapasha moto hadi yakawa mekundu, akayapinda taratibu. Mchanga ndani unazuia bomba lisibonyee. Alipima kwa uzi, akapima kwa timazi, akachomelea nukta nukta, akapima tena kabla ya kufunga mshono. Mishono ilitoka imelala kama ushanga. Aliongeza urefu wa uma wa mbele, akailaza shingo, akapaka rangi nyekundu iliyoiva. Nyumbani alikuwa anapiga mluzi. Mkewe akafurahi, akadhani kazi zimeongezeka.

Kiti alimpa Sponji akishone. Sponji aliligeuzageuza lile bati dogo lenye umbo la upawa.

"Na wa nyuma anakaa wapi?"

"Hakuna wa nyuma."

"Si ya mkweo hii? Nilimwona yule mama..."

"Mzee kasema nifanye kama yangu," Nyoosha alimkata kauli. "Mimi yangu ndivyo ningeifanya."

Sponji akamtazama kama mtu aliyeonjeshwa chumvi nyingi, kisha akaenda kushona. Nyoosha akabaki na ile sentensi. Aliona imetoka vizuri. Akawa anaifanyia mazoezi bafuni.

Miezi miwili ilipotimia, Jumamosi asubuhi, wakaja kuichukua: mzee na miwani yake myeusi, mama mkwe na fimbo yake, na mkewe Nyoosha aliyewasindikiza. Pikipiki ilikuwa imefunikwa shuka. Ndiyo, shuka, mtu mzima alikuwa amepanga hadi namna ya kulivuta. Akalivuta. Watu wa karakana za jirani walikwisha kusogea, simu mikononi, na wakapiga kelele. "Fundi hatari!" "Hii umeagiza nje, usitudanganye!" Kwa dakika moja hivi Nyoosha alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu azaliwe. Tuiseme, kwa sababu ni kweli.

Kisha akamwona mama mkwe. Alikuwa amekwisha kuweka mkoba begani, tayari kupanda. Alizunguka upande wa kushoto, akaishusha fimbo, mkono wake ukapapasa hewani pale kishikio kilipokuwa zamani.

"Haya," akasema, akitabasamu. "Mimi nakaa wapi? Juu ya tairi?"

Watu wakacheka, na Nyoosha aibu ikamvaa kuanzia masikioni. Alitamani ardhi ipasuke. Mkewe hakucheka. "Baba watoto, umefanya nini? Hii si ndiyo ya kumpeleka mama kliniki?"

Sasa ilikuwa zamu ya ile sentensi. Ikamkwama. Na kabla hajasema lolote, mzee akaingilia.

"Msimlaumu," alisema. "Kosa ni langu. Nilimwambia fanya kama yako, ndivyo nilivyotamka. Yeye kafuata neno. Tungeelewana vizuri mwanzoni, yasingetokea. Sivyo, mwanangu?"

Nyoosha akaitikia kwa kichwa. Alijitia hamnazo, akaitikia.

Akasema ataikata airudishe ilivyokuwa. Mzee akakataa katakata, kazi nzuri kama ile haikatwi, labda aongeze tu kiti kidogo nyuma. Na Nyoosha, ambaye alipaswa kung'ang'ania, moyoni akashusha pumzi. Alifurahi kwamba hataikata. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote, kwamba palepale, mama mkwe akiwa bado ameegemea fimbo, yeye aliionea huruma mishono.

Kiti akaongeza, juu ya bati la tairi, na sponji nene ambayo fundi makochi aliitoa bila neno. Jumanne wakajaribu. Mkia mkavu hauna siri na barabara: kila kokoto linapanda moja kwa moja hadi kiunoni. Walifika kwenye kona, wakasimama. Mama mkwe akateremka akiwa amejishika ubavu, uso umekauka rangi, akarudi kwa miguu hatua kwa hatua, akimwambia Nyoosha kwa mbali, "Nzuri tu, baba! Nyonga ndiyo jeuri." Yeye ndiye aliyeumia, na yeye ndiye aliyekuwa anabembeleza.

Ingekwisha hapo, labda angezoea. Watu wanazoea mengi. Lakini mzee aliigeuza hadithi. Kila mgeni aliyekaa sebuleni kwake aliisikia: jinsi yeye, tarishi aliyesambaza maneno ya watu miaka thelathini bila kupotosha hata anwani moja, alivyokuja kumchanganya mkwewe kwa maneno matatu. "Nimemwambia fanya kama yako, na mtoto wa watu mtiifu, akafanya!" Anajipiga paja, anacheka hadi miwani inateremka. Na kila mara Nyoosha alipokuwapo, alicheka naye. Alikuwa amekwisha kupajua mahali pa kuanzia kucheka na mahali pa kumalizia. Akitoka hapo, njia nzima anatazama viatu vyake. Mkewe alimwuliza kama anaumwa. Picha ya gazeti aliibandua, akaikunjakunja.

Jumapili moja mchana walikuwa huko tena, wao na mama mmoja aliyewahi kufanya kazi dirishani posta pamoja na mzee. Hadithi ikapigwa, kicheko kikapita, chai ikamiminwa. Yule mgeni akamgeukia mama mkwe.

"Na wewe mazoezi siku hizi unaendaje?"

"Naenda nikipata wa kunipeleka. Wiki nyingine nakaa." Akapapasa nyonga, akaongeza haraka, kwa ajili ya mtu fulani: "Si neno. Hata nikikaa, si neno."

Daktari wa kliniki alikuwa amesema wazi kwamba asipofanya mazoezi, nyonga itakakamaa. Mkewe Nyoosha ndiye aliyeleta habari hiyo nyumbani. Nyoosha akaweka kikombe chini.

"Baba," akasema. "Nilikuelewa."

"Nini tena, mwanangu?"

"Siku ile uliponipa ufunguo. Nilikuelewa vizuri. Hukukosea kusema. Kikanyagio cha mama nilikiona, nikajua ni chake, nikakitupa kwa mkono wangu. Nilikuwa naitaka chopa. Nikajifanya sijaelewa, na wewe ulipojilaumu nikakuacha ujilaumu."

Mkewe alikuwa anamtazama kama anamwona mara ya kwanza. Mgeni alikuwa amepata shughuli kubwa ya kukoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Mama mkwe alitazama mapaja yake.

Mzee alivua miwani. Jicho lililofanyiwa upasuaji lilikuwa bado linatoa machozi kidogo, hivi hivi tu, lilivyo siku zote, na akalifuta kwa leso. Huenda alikuwa anazihesabu zile mara zote, wageni wote aliowachekesha juu ya ujinga wake mwenyewe.

"Nitaikata kesho," Nyoosha akasema. "Nitatafuta fremu ya nyuma ya aina yake, niirudishe na shokapu, na kikanyagio cha mama nitakitengeneza kingine. Baba, nisamehe."

"Imekwisha," mzee akasema, kwa adabu kabisa. Akakunja leso, akaitia mfukoni, akavaa miwani. "Basi ikiwa tayari, utatujulisha tuje kuichukua, fundi."

Miaka kumi na minne tangu Nyoosha amwoe binti yake, mzee hakuwahi kumwita hivyo. Nyoosha akajibu, "Sawa, mzee," kama anavyowajibu wateja wote, kwa sababu hakujua tena kama ana ruhusa ya kusema baba.