Kasoro za Mbuzi wa Badjanani

Mwaka ule kisiwa chetu cha Nzuwani kilipojitenga na serikali ya Moroni, mimi nilikuwa huko huko Moroni, kwa mama mdogo, nasoma lise, yaani sekondari. Mama yangu alibaki kwetu Mutsamudu. Meli zilisimama, ndege za uwanja wetu wa Ouani zikasimama, halafu simu nayo ikafa. Shuleni nilizoea kunyamaza, maana nikifungua mdomo tu lafudhi inanitangulia, watu wanageuka. Siku nyingine sauti pekee niliyoitoa tangu asubuhi ilikuwa ya kuitikia jina langu darasani.

Ndiyo maana niliitaka sana ile kazi ya likizo. Ghorofani, juu ya duka la vitambaa karibu na soko la Volo Volo, kulikuwa na kampuni ndogo inayotengeneza michezo ya kompyuta. Walitaka vijana wa kujaribu mchezo wao mpya kabla haujauzwa. Nikawaza: nitakaa na watu kutwa nzima, na kwa kuwa kazi ni kucheza, hakuna atakayenitaka niseme. Nilijidanganya.

Tuliitwa ndani wasichana wawili, mimi na mmoja wa mtaa wa Badjanani, hapo hapo mjini, mchangamfu kweli. Mwenye kampuni alikuwa mtu mzima, amerudi kutoka Marseille na miwani yake.

“Kwezi,” nikamwamkia, viganja mbele, kama tunavyowaamkia wakubwa.

“Mbona,” akaitika, kama salamu hiyo inavyoitikiwa. “Kaeni. Chezeni, kisha mniambie.”

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mbuzi anayemtoroka bwana wake asichinjwe Idi. Anakata vichochoro vya Badjanani, anaruka majiko, anapindua makapu ya samaki. Mara nikamwona mbuzi wangu anaingia ukutani, anatokea upande wa pili kama moshi. Nikarudia. Akaingia tena. Nikaendelea kucheza.

“Haya,” akasema mwenye kampuni, akinitazama mimi. “Umeonaje?”

“Mzuri sana, fundi,” nikasema, nikimwita kwa heshima kama tunavyowaita walimu.

Mwenzangu akacheka. “Mzuri wapi? Mbuzi anapita ukutani! Jini huyu, si mbuzi!”

Wafanyakazi kwenye meza za nyuma wakacheka pia. Bwana akavua miwani. “Na wewe hukuona?”

“Niliona.”

“Mbona hukusema?”

Ningemwambiaje? Kwetu mtoto hamwambii mkubwa usoni kwamba kazi ya mikono yake mbovu. Hata ukiwa mgeni ukapewa chai iliyotiwa chumvi badala ya sukari, unainywa na kushukuru. Nikasema tu, “Wewe ni mkubwa wangu.”

Hapo lafudhi ikawa imeshatoka. Kijana mmoja wa meza za nyuma akauliza, “Wa wapi huyu?”

“Mutsamudu,” nikajibu.

“Aa! Serikali nzima mnaiambia hamtutaki, hamwoni haya. Kumsema mbuzi ndiyo unaona haya?”

Walicheka mpaka mmoja akagonga meza. Utani ulikuwa mzuri, nakubali. Ungesemwa kwa mwingine ningecheka na mimi. Yule bwana peke yake hakucheka.

“Binti,” akasema taratibu, “anayenificha kasoro hanisaidii. Nikikuchukua uninyamazie, nimechukua kiti kitupu.”

Nilijua neno linalofuata ni kwaheri. Nikaona likizo nzima mbele yangu, kile chumba cha nyuma kwa mama mdogo, feni na mimi. Nikasikia nasema, “Fundi, naomba nigeuze kiti.”

Akashangaa. “Geuza.”

Nikampa mgongo, nikaikabili kompyuta, na ukuta nyuma yake. Nikaanza kumsema mbuzi, kwa maneno ya kwetu, jinsi mama anavyowasema kuku. “Wewe mbuzi, unakanyaga moto huungui, una kwato za chuma? Na huyo bwana wako, mbona akifika kwenye kona anakimbia kinyumenyume? Kisu kakishika kwenye makali, atamchinja nani? Na samaki hao, umewapindua, kapu bado limejaa!” Sikuweza kuacha. Nyuma yangu kicheko kilikuwa cha namna nyingine sasa, na nikasikia kalamu ikikwaruza.

“Jumatatu,” akasema yule bwana. “Nyote wawili.”

Nilishuka ngazi mbiombio. Chini dukani nikaomba simu, nikampigia mama Mutsamudu, huku najua laini zimekufa. Haikuita.

Jumatatu nikapewa meza inayotazama ukuta, kwa wema kabisa, kwa sababu walidhani ndivyo ninavyopenda. Nilisema asubuhi nzima. Nikiona kasoro naitaja kwa sauti, kijana wa nyuma anaandika, na ikiwa imemchekesha anacheka; nisipotaja kasoro hakuna anayeniambia neno. Adhuhuri wakashuka kula pamoja, wakizozana juu ya mpira. Niliporudi kutoka kusali nikakuta kipande cha mkate na samaki juu ya meza yangu, kimefunikwa kwa karatasi. Nikageuka nishukuru. Viti vyote vilikuwa bado vitupu, na sikujua nimshukuru nani.