Wageni Waliokataa Chai

Niliwaona kwenye tundu la mlango: vijana wawili, mashati meupe, tai, na kibati cheusi chenye maandishi kifuani. Hapa Yeoville, mtaa wa wageni huku kusini mwa Afrika, mtu mwenye tai na kibati haji kukuletea heri. Nikajua ni uhamiaji.

Ndani nilikuwa na Bi Mkubwa, mke mwenzangu. Marehemu mume wetu alimwoa yeye kwanza, kule Tanga, kisha akanioa mimi, akatuleta wote huku. Alipokufa tulibaki pamoja, tungekwenda wapi? Mimi kibali changu kipo. Cha Bi Mkubwa kilitegemea cha mume, na mume kaenda nacho. Wakimchukua watamrudisha Tanga, ambako hakubaki mtu wa kumfungulia mlango.

Nikamsukuma bafuni.

"Nitakaa wapi humu?" akaninong'oneza.

"Kaa ukingoni mwa bafu, na usikohoe."

"Kwani kikohozi nakiamuru mimi?"

Nikafungua. Redio ilikuwa inasema, na ukijifanya hupo na redio inasema ndiyo wanajua una jambo. Mmoja Mzungu, kaiva kwa jua. Wa pili Mkongomani, akanisalimia kwa Kiswahili cha kwao: "Jambo mama. Tunaweza ingia?"

Wakaketi. Mzungu akauliza, mwenzake akatafsiri: humu mnaishi wangapi?

Swali gani hilo la kuanzia?

Kwetu anayekuja kwa ubaya hali chakula chako. Akishakula, aibu inamfunga mkono. Ndivyo nilivyolelewa. Nikamimina chai ya tangawizi, nikaweka vikombe mbele yao, nikasimama kutazama.

"Aksanti mama," Mkongomani akasema. "Chai, hapana."

"Kahawa je?"

"Na kahawa pia, hapana."

Nikavisogeza vikombe karibu yao zaidi. Huko bafuni Bi Mkubwa akakohoa, na Mzungu akageuza shingo.

Hapo mjukuu wetu akaingia kutoka chuo. Amezaliwa na binti wa Bi Mkubwa, mgongoni alikaa kwangu, na anasoma historia. Mimi nasema naye Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza. Akatazama vile vibati, akatazama chai, akacheka. Nilitaka kumzaba kofi.

"Bibi, hawa Wamormoni. Wahubiri tu. Dini yao haiwaruhusu chai wala kahawa."

"Hatuko ba serikali, mama," Mkongomani akasema.

Mjukuu akatoa simu, akanionyesha picha ya zamani waliyofundishwa darasani. Mwanamume wa ndevu na kilemba amejinyoosha juu ya mito, wanawake wamemzunguka kama nzi.

"Sultani wa wapi huyu?" nikauliza.

"Si sultani, bibi. Mzungu wa Marekani, mkubwa wa Wamormoni. Zamani walikuwa wanaoa wake wengi. Wamarekani wenzao wakawaita Waturuki, wakawachora na vilemba, kama walivyozoea kutuchora sisi Waislamu. Na Uturuki kwenyewe hawakujui."

"Halafu?"

"Walifukuzwa mji hadi mji, nyumba zikachomwa. Baadaye wanaume wakafungwa kwa kuoa."

Yule Mzungu alipotafsiriwa akatikisa kichwa kukubali. Bibi wa bibi yake, akasema, alikuwa mke wa nne. Siku hizi ukioa wawili unatolewa kanisani.

Bi Mkubwa alikuwa anasikia yote. Akatoka, ushungi kichwani, akakaa. "Basi mimi ni wa kwanza," akasema, "na huyu ndiye wa pili. Chai hiyo nipeni mimi."

Mzungu akatazama ushungi, akatazama mlango wa bafu. Akauliza kwa sauti ya huruma, na mwenzake akatafsiri kwa shida: mume wenu alikuwa anawafungia ndani?

"Mume wetu alikuwa fundi viatu," Bi Mkubwa akajibu. "Atufungie kwa nini, kwa gundi?"

Mkongomani akacheka mpaka tai ikapinda. Mjukuu akamwambia Mzungu neno, naye akainamisha uso. Baadaye nilimuuliza mjukuu alimwambia nini. "Nimemwambia ndivyo watu walivyouliza kuhusu bibi wa bibi yake."

Mimi sikucheka. Yule kijana hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililonitisha. Mtoto wa watu waliochorwa ametutazama sisi, akaiona picha ileile. Sasa hawa wa hapa chini barabarani, wanaoandamana wakisema wageni watoke, wao wanaona nini? Na atakwenda kusimulia, kwa huruma yake, habari ya kikongwe aliyefichwa bafuni. Huruma husimuliwa popote, hata mbele ya mwenye kibati cha kweli.

Mlangoni nikamshika Mkongomani mkono wa shati. "Mwanangu, yule mama hukumuona."

"Sikumuona, mama."

"Na mwenzio?"

Mwenzake alikwishateremka ngazi. "Nitamuambia," akasema. Hakuniambia kama huyo mwenzake ataelewa.

Hawajarudi, wala hajaja mwingine. Ila bafuni nimeweka kigoda, maana magoti ya Bi Mkubwa hayawezi tena ule ukingo. Kila mlango unapogongwa, hata akiwa jirani anaomba chumvi, yeye huchukua kikombe chake cha chai na kwenda kukaa. Mimi nasimama hapa mlangoni mpaka nisikie sauti ni ya nani.