Sukari ya Hitima

Siku hizi mjukuu wangu akiharisha, mama yake anachana pakiti, anakoroga kwenye maji, yameisha. Nikimwambia sisi dawa hiyohiyo ilitutoa jasho mtaani kwetu Gerezani, ananiona bibi kaanza hadithi zake. Hajui kwamba miaka ile ya Ujamaa sukari ulikuwa huioni hata kwa tochi!

Nilikuwa na mtoto mmoja, binti, hajatimiza mwaka. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili, mimi, mume wangu, na mama mkwe aliyetoka Lindi kuja kunisaidia kulea. Chumba cha mbele alikaa jirani yetu Mchaga, fundi cherehani, mcheshi huyo. Uani tulikuwa tunateta na kucheka kutwa nzima.

Basi siku moja, mume wangu yuko kazini, mtoto akashikwa na tumbo. Anaharisha, anatapika, macho yameingia ndani. Mama mkwe akapiga marufuku maji. "Debe limetoboka," akasema, "wewe unazidi kujaza?" Ndivyo alivyowalea wanawe. Lakini nilimwona mwanangu anavyolamba midomo, nikasema samahani sana Mama, nikambeba mgongoni mbio hadi zahanati.

Muuguzi wa pale, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi, akasema pakiti za dawa zimekwisha ila nisihangaike. Wataalamu walikuwa wamegundua juzijuzi tu kwamba vitu vya jikoni vinatosha: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Nikadhani ananitania. Nimekuja kutafuta dawa, naambiwa mambo ya chai! "Mpe kidogokidogo," akasema, "na uangalie mkojo. Asipokojoa mpaka alasiri, huyo mpelekeni hospitali kubwa."

Lita tutaipimia nini? Jirani akaleta chupa mbili tupu za bia, nusu lita kila moja. Mama mkwe akaruka. "Mjukuu wangu anywe kwenye pombe?" Akazisugua kwa majivu mpaka nikahofia zitapasuka. Kopo langu la sukari lilikuwa na vijiko viwili tu, basi nikamwachia chumvi na maelekezo, nikakimbilia duka la ushirika. Huko nilikuta mawe yamepangwa foleni, kila jiwe na mwenyewe, na sukari yenyewe haijaja.

Narudi mikono mitupu, namkuta mama mkwe ananywesha, uso umemng'aa. "Sukari ilikuwa kidogo," akasema, "nikafidia kwa chumvi. Chumvi si tunayo tele?" Jirani naye akaunga mkono kwamba sukari ni utamu tu, dawa hasa ni chumvi. Nikaonja. Lahaula! Mtoto alikuwa amelegea mapajani mwake, nepi kavu, hata kulia halii. Nikanyakua mtoto na chupa, nikatoka mbio tena.

Muuguzi alionja, akatema. "Haya maji umeyateka baharini, Feri?" Kisha akaacha mzaha. Akaniambia nimwage yote. Sukari si utamu, akasema. Tumboni chumvi ni mgeni na sukari ni mwenyeji. Mwenyeji ndiye anayemshika mgeni mkono akamwingiza ndani, na maji hufuata nyuma yao. Ukijaza wageni bila wenyeji, wanabaki mlangoni, na maji ya mwilini yanatoka kuwafuata hukohuko nje. "Nenda katafute sukari, mwanangu. Kimbia!"

Niliingia korido ya nyumba yetu nikipiga kelele kama kuna moto. Nataka sukari! Jirani akaapa hana, machozi yanamlenga, nami nikamwamini. Nikamgeukia mama mkwe, nikamweleza yote, mwenyeji na mgeni na mlango. Kisha akainuka, akaenda kwenye sanduku lake, akatoa furushi la kanga. Ndani yake mlikuwa na sukari, kilo nzima!

Nilipandwa na hasira, nyie acheni. Asubuhi yote ilikuwa humo! Nilifungua mdomo nimwambie, yeye akaniwahi. "Ni ya hitima ya baba yenu," akasema. "Nimeikusanya robo robo tangu azikwe, watu watakaomsomea wapate chai. Nilidhani ni utamu tu, mwanangu." Hasira ikaniishia palepale, nikabaki na hofu tupu.

Tukakoroga upya, vijiko sita, chumvi nusu. Safari hii alipima jirani, mimi nikihesabu vijiko. Mama mkwe akatawadha aiwahi alasiri, lakini hakwenda kwenye msala. Alikaa kwenye mkeka, kampakata mjukuu wake, anamtilia mdomoni kijiko baada ya kijiko. Mimi na jirani tumechuchumaa mbele yao. Mtoto akameza, akapumzika, akameza tena. Akaanza kukishika kijiko mwenyewe.

Ghafla mama mkwe akatulia, kijiko hewani. Akatazama chini. Kanga yake safi, kanga ya kuswalia, ilikuwa imelowa kuanzia mapajani, na maji yanachuruzika mpaka kwenye mkeka.

"Kanikojolea!" akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. "Jamani, mjukuu wangu kanikojolea!"

Jirani akapiga vigelegele kama bibi harusi kaingia. Mimi nililia. Mama mkwe alikataa kumtoa mapajani, akakaa vilevile kalowa, anaibusu miguu ya mtoto mmoja baada ya mwingine.