Swali la Mhariri Juu ya Watani

Niliporudi Buguruni na shahada yangu, chuo kimoja kiliniahidi kazi ya ualimu msaidizi kwa sharti kwamba kwanza nichapishe makala katika jarida la wataalamu. Nikaandika juu ya utani baina yetu sie Wazaramo na Wanyamwezi, na jinsi mtani anavyoruhusiwa kufanya mzaha hata msibani. Mhariri, Mwingereza ambaye sikupata kumwona, alirudisha kurasa zangu na swali pembeni: je, mwandishi ameyaona haya kwa macho yake?

Swali hilo lilinikaa rohoni. Misiba nilihudhuria tangu utotoni, lakini je, niliona, au nilikuwapo tu?

Haukupita muda, jirani yetu, mzee muuza ugoro, akafariki. Nikaenda na penseli. Jeneza lilipotolewa nje, mtani mmoja Mnyamwezi, kuli wa bandarini, akajilaza njiani.

"Hapiti mtu! Mzee, ulininyima ugoro ungali hai, leo wanikimbia kwenda wapi?"

Mtoto wa marehemu, macho mekundu kwa kulia, akacheka mpaka akashika ukuta. Upesi nikaandika: amecheka. Au ilikuwa kilio? Nikaweka alama ya kuuliza.

Mtani akainuka, akaniona. "Na huyu je? Anaandika zamu ya watakaofuata?"

Watu wakaangua kicheko. Akanivua miwani, akaivaa yeye. "Nisalimieni! Mie ndiye msomi. Nimesoma hata nimesahau jembe linashikwa wapi."

Mtani hakasirikiwi. Nikalifuata jeneza kwa kukisia, kanzu zote zimekuwa ukungu mmoja. Mhariri anataka macho yangu, nayo yako puani pa mtani!

Njia nzima nilitafuta jibu, maana kwa desturi ya utani ilinipasa kuikomboa miwani kwa neno la mzaha. Kila nililolipata nililipima: hili kali mno, hili la kitabuni. Baada ya maziko nikamsikia akilalamikia joto na jasho, na neno likanitoka kabla sijalipima.

"Babu yako alibeba jino la tembo toka bara hadi pwani. Wewe miwani tu yakutoa jasho!"

Kicheko chake nilikisikia kabla ya kuhisi miwani ikirudi usoni.

"Haya, mtani. Kumbe hukusahau yote."

Nyumbani nikaandika, "Mwandishi ameona," nikafuta. Jarida lile halikuruhusu "mimi", na hapa "mimi" ndiye aliyevuliwa miwani. Mwishowe nikaeleza kisa chote kama kilivyokuwa, pamoja na sehemu niliyoisikia tu.

Makala ilichapishwa. Chini ya ukurasa mhariri aliongeza: mtoa habari ni mwandishi mwenyewe. Mkuu wa chuo aliisoma mara mbili mbele yangu.

"Sasa nimwajiri nani," akauliza, "mtaalamu au mtani?"

Nikamwomba aajiri wote wawili kwa mshahara mmoja. Akacheka, akatia sahihi. Swali lake, hata hivyo, sijalimaliza.