Shangazi hajui Kiingereza, lakini ndiye aliyenivusha mtihani wa marudio

Wakuu, salaam alaykum.

Mie ni mtu mzima humu jukwaani, mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia akaunti. Jana nimesoma uzi wa kijana analalamika kakosa mzuka wa kusoma chuo. Nikacheka peke yangu, maana yalinikuta. Nnayoyasema ni kweli tupu, na mengine yananiaibisha mpaka leo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, bara. Mtaani kwetu Mji Mkongwe mie ndiye wa mwanzo kufika huko, basi kichwa kikavimba. Lekcha nahudhuria nikipenda. Mwisho wa mwaka nikafeli uchumi.

Nikapewa likizo nzima nijiandae, nirudie mtihani. Nikifeli tena, safari imekwisha.

Nikarudi Unguja kwa shangazi yangu, Bi Zuhura, aliyenilea. Alikuwa akisomesha watoto Kurani ukumbini mwake. Kila mtoto anasoma kwanza somo la jana. Likiwa halijakaa hapewi jipya, hata alie.

Nilipomwambia nimefeli, hakunigombeza. Akasema: "Kesho baada ya alfajiri uje na kitabu chako. Utasoma na wenzako."

Wenzangu! Wana miaka saba na mapengo.

Basi na ndevu zangu nikakaa mkekani kusubiri zamu. Watoto wananicheka mpaka shangazi ashike kifimbo.

Nikawa nahifadhi ukurasa mmoja kwa siku, nausoma kwa moyo, kama nilivyofunzwa Kurani utotoni. Shangazi Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Kitabu kakishika yeye, tena kichwa chini.

Siku ya nne nikachoka. Nikamsomea ukurasa wa jana kama ndio wa leo, nani atajua?

Akanikatiza: "Hilo la jana. La leo liko wapi?"

Loh! Kumbe masikio yake yanahifadhi mlio. Sikuthubutu tena.

Kuna asubuhi nyingine nikamwambia sina hamu. Akanivuta shuka: "Nani kakuuliza hamu? Wenzako washakaa."

Wiki ya tatu nshahifadhi nusu ya kitabu, najiona nshafaulu. Siku hiyo akaniuliza: "Haya, hilo ulilosoma lina maana gani?"

Nikaanza, nikakwama.

Akafunga kitabu. "Kurani nikiisoma bila kujua maana, thawabu napata. Hicho chako, usipokijua maana, unapata nini?"

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu hapo ukurasa nausoma, kisha namweleza kwa Kiswahili mpaka aridhike. Na haridhiki upesi yule! Nikamwambia kitu kikiadimika bei hupanda. Akauliza: "Mbona unga wetu hauonekani, na bei ni ile ile?"

Siku mbili nahangaika na kitabu. Nikarudi na jibu: bei ikifungwa na serikali, kinachorefuka ni foleni. Akacheka sana. "Hilo miguu yangu ishalijua zamani."

Nikaenda kufanya mtihani. Nikafaulu. Si kwa alama za kujivunia, lakini nikavuka.

Likizo iliyofuata nikaingia ukumbini, namkuta anasomesha.

"Shikamoo shangazi. Nimefaulu."

"Marahaba. Alhamdulillahi. Haya, anza jengine."

Nilitaraji hata kukumbatiwa, nikaudhika. Kisha nikaona kageukia ukutani na kanga usoni, mabega yanamtetema. Kumbe alikuwa akilia, na mie nikalia vilevile.

Sasa nyie vijana, hamu haingojewi. Kaa mahala pamoja, wakati ule ule, mbele ya mtu utakayeona haya kumdanganya. Na ulilosoma lieleze kwa lugha ya nyumbani kwenu. Likikataa kuelezeka, hujalijua.

Shahada nikaipata. Bi Zuhura kafariki, Mungu amrehemu, na sikuwahi kumwambia kwamba bila yeye ningeishia njiani. Miaka yote ile nilikuwa naye, niliona haya tu.

Mwenye wake yu hai, afunge simu sasa hivi akamwambie. Akirudi atueleze hapa alijibiwa nini, nataka kusoma.